Mwalimu na Meza ya Hewa

Mwalimu alivunja vikombe vitatu kabla hajakubali kwamba ile meza haipo. Cha kwanza alimsingizia paka. Cha pili alisema sakafu ya baraza imeinama, akaenda kuazima pima maji kwa fundi mwashi akaipima mbele ya mkewe, na sakafu ikaonekana imenyooka kabisa. Cha tatu kilikuwa kile chenye maua ya bluu ambacho Mama Mwalimu hukitoa kabatini Krismasi tu, na hapo hapakuwa na paka wala sakafu ya kumwokoa.

Alikuwa amevaa ile miwani nyeusi ya mchezo, kubwa kama ya mchomelea vyuma, aliyotumiwa na binti yake kitindamimba anayefanya kazi ya uuguzi ughaibuni. Ukiivaa, baraza yao ya Marangu inapotea yote, na mbele yako inatokea meza ya mpira wa meza, safi, ina wavu na mistari myeupe, na ng'ambo yake anasimama mtu aliyeko nchi nyingine. Mwalimu alimaliza seti, akamshukuru mpinzani wake, mkewe akamtia kikombe mkononi. Akanywa funda moja kwa kukipenyeza chini ya miwani. Kisha, kwa adabu zake zote, akakitua mezani.

Siku hizi anapewa cha plastiki.

Jina lake silitaji, na halina haja. Huko kwetu walimu wako wengi, waliostaafu na wanaofundisha, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu wanajua ni yeye. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu pale Bomang'ombe, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Yeye hajawahi kuniita kwa jina langu pia. Ananiita Shoto, kwa sababu natumia mkono wa kushoto, na habari ya mkono huo nitaifikia.

Kabla ya meza ya hewa kulikuwa na meza ya mbao. Aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za mgrevilea, chini ya banda alilokuwa akianikia kahawa siku za mvua, hatua tano kutoka kwenye zizi la ng'ombe. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, akauwekea jiwe. Mbao za kona moja zilivimba baada ya masika, kona ile tukaiita Mawenzi, kama kile kilele cha majabali, kwa sababu mpira ukitua pale hujui utaruka upande gani. Upande uliobaki laini tuliuita Kibo. Mchezaji aliyefunzwa na Mwalimu ulimjua popote: kila meza aliyoikuta, kwanza alitafuta Mawenzi iko wapi.

Na ndiyo lawama yake kuu kwa ile miwani. Nilipomuuliza mara ya kwanza anaionaje meza ya hewa, alikunja uso.

"Ni nzuri," akasema. "Ila haina Mawenzi. Mtu atajifunza nini kwenye meza isiyo na Mawenzi?"

Alikuwa na kijiti cha mti wa mkahawa alichokikata sawasawa na kimo cha meza kinachotakiwa, na kabla ya kila mechi alikisimamisha pembeni kuhakikisha jiwe halijazama. Meza ilikuwa imekaa palepale miaka yote, isingeweza kuota, lakini aliipima. Sasa, nakwambia jambo nililoliona kwa macho yangu: meza ya hewa nayo aliipima. Alivaa miwani, akakishika kijiti chake, akakisimamisha sakafuni penye meza ambayo sisi tuliobaki hatukuiona, akainama huku magoti yakilia, akapapasa ncha ya juu.

"Wamezidisha vidole viwili," akatangaza.

"Wewe ndiye umepungua vidole viwili," Mama Mwalimu akamjibu kutoka jikoni.

Mpira ukibonyea, hakuutupa. Aliutumbukiza kwenye maji ya moto mpaka tumbo likajaa tena. Tatizo ni kwamba maji ya moto yaliyokuwepo wakati wa mazoezi yalikuwa yale ya chai yetu. Tumekunywa chai ya mpira utoto wetu wote, na hakuna aliyekufa. Mpaka leo nikinywa chai isiyo na harufu ile naona kama imepungukiwa kitu.

Alikuwa na usemi wake mmoja, na aliutumia kwa kila kitu. "Mezani hakuna mjomba." Ukimcheka mwenzako aliyekosa, mezani hakuna mjomba. Ukimwonea huruma mdogo wako ukampa pointi, mezani hakuna mjomba. Mwanawe wa kwanza alipigwa na mtoto wa jirani pointi ishirini na moja kwa tatu, akaja kulia, akaambiwa hivyohivyo, na usiku ule kwao hakuna aliyekula machalari, ndizi zetu za nyama, kwa raha. Siku hizo seti ilikuwa pointi ishirini na moja. Sasa ni kumi na moja, jambo ambalo Mwalimu analichukulia kama tusi alilotukanwa yeye binafsi.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyetuhubiria haki asubuhi na jioni, akifungwa kwa mpira wa kuanzishia, alikuwa anainua kiganja na kusema, "Sikuwa tayari." Mara zote hakuwa tayari! Mpira unaruka juu, yeye ametoa macho, raketi mkononi, miguu ameitanua, na hayuko tayari. Ukimzidi sana, ng'ombe alikuwa anamwita. Ng'ombe wake wa maziwa aliyekuwa kimya tangu alfajiri, ghafla Mwalimu amemsikia, ameweka raketi, ameondoka kumtilia majani. Akirudi tunaanza upya, sifuri kwa sifuri.

Tabia hiyo ameingia nayo kwenye miwani. Kuna mtoto fulani wa huko mbali, hatujui nchi gani, anayemfunga kila wakutanapo. Sauti yake inasikika kwenye miwani, sauti nyembamba ya mtoto wa darasa la nne hivi. Mtoto akisema chochote kile, Mwalimu humjibu, "Marahaba."

"Kwani amekuamkia?" nikamuuliza.

"Kwa lugha yao," akasema, akaanzisha mpira.

Seti ile alifungwa kumi na moja kwa mbili. Akainua kiganja hewani, akamweleza yule mtoto kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ng'ombe anamwita.

Majirani ilibidi wazoee. Mzee mmoja wa kanisa alipanda kuja kumwita kwenye kikao, akamkuta barazani amefunikwa uso, anafuta hewa kwa leso. Mwalimu ana mazoea ya kufuta meza kabla ya mechi, kona kwa kona, mbele na nyuma. Mzee wa kanisa alisimama akamtazama mpaka akamaliza kona ya nne. Akavua kofia, akasema taratibu, "Tuombe." Mwalimu akadhani ni mpinzani mpya amejua Kiswahili, akafurahi sana, akamkaribisha mezani.

Lakini nilitaka kueleza habari ya sikio lake.

Katika mchezo huu, mpira ukigusa ukingo wa juu wa meza ya mwenzako, hata kwa unywele, umeingia, pointi ni yako. Ukigusa ubavu, pale chini ya ukingo, umetoka, pointi ni yake. Jicho haliwezi kutofautisha. Mpira unapita upesi mno. Mwalimu alitufundisha kusikiliza. Alitupanga kwenye banda, macho tumefumba, yeye anaangusha mpira mmoja mmoja, nasi tunataja. Katikati ya meza unalia tok. Ubavuni ni mlio mzito, umezibwa, kama umegonga mfuko wa unga. Ukingoni unalia tik, mwembamba, mfupi, na ukishausikia mara moja hutausahau. Mimi mpaka leo nikidondosha kifungo juu ya cherehani, najua kimegonga wapi.

Na ukiusikia tik upande wako, alisema, usingoje mwamuzi. Inua kidole mwenyewe. Sema umegusa. Asiyeinua kidole alitolewa bandani wiki nzima, na hakuwahi kusamehewa kwa sababu ya machozi.

Sasa huo mkono.

Nililelewa na bibi yangu, mama mzaa baba, jirani yake Mwalimu kabisa. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vinatenganishwa na ua wa masale. Bibi aliona mkono wa kushoto ni aibu. Nikila nao, alinichapa kwa mwiko. Nikimpokelea mgeni kitu kwa huo, mgeni akiondoka nakoma. Mwishowe akaanza kuufunga mkono wangu mgongoni kwa kamba ya mgomba, nikitoka shule mpaka jioni, ili wa kulia ujifunze. Siku moja Mwalimu alinikuta nimesimama uani kwake, nimefungwa hivyo, natazama wenzangu wakicheza. Akauliza. Nikamwambia.

Alikwenda kwenye ua, akakata jani la isale.

Kwa msomaji wa mbali niseme tu kwamba isale ni mmea wetu wa mipakani, una majani marefu, membamba. Ukimkosea mtu na unataka akusamehe, au una ombi zito mbele yake, unamletea jani hilo, na aliyeletewa hakatai. Watu waliouliana ng'ombe wamepatanishwa kwalo. Mtu hulitoa mara chache, na halitoi kwa mchezo.

Mwalimu alilipeleka kwa bibi, kwa mikono miwili. Bibi alikuwa anamenya ndizi. Akalitazama, akamtazama yeye, akanitazama mimi nyuma yake.

"Mwalimu, umenikosea nini?"

"Sijakukosea, mama. Nauombea msamaha huu mkono."

Bibi alinung'unika wiki nzima kwamba watu wa siku hizi hawana haya, wanaleta isale kwa mambo ya mpira. Lakini kamba ya mgomba hakuifunga tena. Na mimi nikawa Shoto, na ndani ya miaka miwili hapakuwa na mvulana wala msichana wa kunifunga kwenye meza ile, pamoja na Mawenzi yake.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini jambo la Moshi liliniuma vile.

Nilikuwa darasa la saba. Mashindano ya shule yalifanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, na msichana atakayeshinda fainali angekwenda Mwanza kuuchezea mkoa. Nilikuwa nimeshatangaza njia nzima kwamba naenda kuliona ziwa. Bibi, yule bibi wa mwiko, alinifulia soksi mwenyewe. Fainali nikakutana na msichana mmoja mrefu wa mjini, mwenye raketi ya dukani. Mwamuzi aliyepangwa hakutokea. Waandaaji wakatazamana, wakasema, si yupo Mwalimu wa Marangu, mtu wa haki, achezeshe yeye. Mwalimu mwingine akacheka kwa sauti ili ukumbi usikie: "Achezeshe mtoto wa ua mmoja? Basi sisi twende zetu tukanywe chai." Watu wakacheka. Nilimwona Mwalimu akirekebisha kola ya shati.

Tulifika seti ya mwisho, mimi ishirini, yule msichana kumi na tisa. Nilihitaji pointi moja tu. Nikaupiga kwa mkono huuhuu, ukaenda mrefu, ukashuka, ukagusa ukingo wa upande wake. Tik. Niliusikia mimi, na yule msichana aliusikia, maana aliinamisha raketi. Kidole hakuinua, lakini raketi aliinamisha.

Mwalimu akasema, "Nje. Ishirini kwa ishirini."

Nikamtazama. Alikuwa anatazama ubao wa pointi. Pointi mbili zilizofuata sizikumbuki hata zilivyochezwa. Msichana mrefu akaenda Mwanza. Ziwa sijaliona mpaka leo, na raketi niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa bibi ikakaa huko mpaka mchwa wakaimaliza.

Sikumnunia Mwalimu. Afadhali ningemnunia. Nilifanya utani, kwa sababu kwa mzee kama yeye ndiyo njia iliyobaki wazi. Kila Krismasi, wakati nusu ya nchi inapanda Kilimanjaro kurudi nyumbani, nami nilipanda na kupita kwake. Nilimwamkia, shikamoo Mwalimu, marahaba Shoto, nikakaa, na neno langu la kwanza lilikuwa moja.

"Mwalimu, uligusa."

"Haukugusa. Kunywa chai."

Miaka zaidi ya ishirini na mitano! Wanawe walikua wanausubiri mchezo huo kama sehemu ya sikukuu. Nilipoolewa, nilimwambia kwenye mstari wa kupongezwa, gauni jeupe mwilini: uligusa. Akanipa mkono, akasema haukugusa, Mungu awabariki. Bibi alipofariki hatukusema. Tuliposimama kaburini aliniangalia kama anangoja, nami sikuwa na nguvu.

Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini nitasema wazi: mimi sikuwa nacheka. Nilitaka aseme. Sikutaka Mwanza wala kikombe. Nilitaka yule aliyeuombea msamaha mkono wangu aseme kwamba siku ile mkono haukukosea. Kwa sababu ama Mwalimu hakusikia, na basi yale mafunzo ya macho kufumba yalikuwa bure, ama alisikia. Hilo la pili nilikuwa silimalizi kulifikiri.

Januari hii nilipanda tena. Kitindamimba alikuja likizo, alipoondoka akaacha miwani ya pili ili baba yake apate wa kucheza naye, kwa sababu yule mtoto wa ng'ambo amechoka kusikia habari za ng'ombe. Nilikuwa nimemletea Mwalimu suruali yake ya kanisani niliyoipunguza; kweli amepungua vidole viwili, mkewe hakukosea. Mama Mwalimu akanipokea njiani, kabla ya kufika barazani, akanishika kiwiko.

"Usimsemeshe upande wa kulia," akasema. "Masikio yanamwacha. Daktari amesema la kulia limekwisha, la kushoto linafuata. Yeye anasema watu wa siku hizi wanakula maneno."

Nilisimama kidogo pale kwenye migomba. Nikawaza kwamba mwaka ujao nitakapomwambia uligusa, huenda ataniambia "nini?" Nikaona aibu kuendelea na utani, nikaamua safari hii sitasema.

Nilimwamkia kwa sauti kubwa. Akaniitikia. Nikakaa, nikanywa chai. Akangoja. Nikaongelea suruali. Akaendelea kungoja, akatazama kikombe changu, akanitazama usoni, akaanza kuhangaika kitini kama mtu aliyerukwa na zamu yake.

"Haya, vaa," akasema mwishoni, akanisukumia ile miwani.

Yeye akabaki barazani, mimi nikasimama sebuleni, mlango wazi kati yetu, tumeelekeana. Binti yake ndiye aliyepanga hivyo kabla ya kuondoka, ili wachezaji wasigongane. Kwanza Mwalimu alinifunga kishikio, kile kinachogeuka raketi ndani ya miwani, kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kwa vidole vyake mwenyewe, akahakikisha mara mbili. Nikavaa. Sebule ikapotea. Meza ikatokea, na ng'ambo yake kichwa chake kikiwa kinaelea bila shingo, na raketi pembeni. Jamani, nilicheka mpaka nikashika kiti. Kile kichwa kikaniambia niache upuuzi.

Sikuwa nimepiga mpira tangu darasa la saba. Pointi tano za kwanza zilikuwa zake zote. Halafu mkono ukakumbuka. Sijui kuelezea, ulikumbuka wenyewe, bila ruhusa yangu. Nikamfikia sita kwa sita. Kwenye nane kwa nane akasema hakuwa tayari. Kwenye tisa kwa tisa nikamsikia anahema, na ng'ombe hakumwita, jambo lililonishtua. Nikapata moja. Kumi kwa tisa.

Nikaupiga mrefu. Ukaenda, ukashuka, ukagusa ukingo wa upande wake. Waliotengeneza miwani ile wamefanya kazi nzuri, siwezi kuwanyima: tik.

Ubao ukanipa pointi. Kumi na moja kwa tisa. Kichwa cha Mwalimu kilibaki kinatazama pale mpira ulipopitia, kisha ubao, kisha pale tena. Kidole hakuinua.

"Uligusa?" akauliza.

Alikuwa anauliza kweli. Sauti ilitoka barazani na kwenye miwani kwa pamoja, ya mzee asiyejua.

"Uligusa, Mwalimu," nikasema kwa nguvu. "Ukingoni."

"Sikusikia."

Nikataka kumwambia si kitu, ni mchezo tu. Nikataka kumwambia na yule mtoto wa ng'ambo pia husikia vibaya. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Huu sikuusikia," akasema. "Ule niliusikia."

Sikuweza kuvua miwani. Niliogopa kuuona uso wake, nadhani, na sikutaka auone wangu. Nikasimama na ule ubao wa kumi na moja kwa tisa juu yangu.

"Niliusikia vizuri kabisa, Shoto. Niliwaogopa wale watu, kwamba watasema nimempa mtoto wa ua wangu. Nikakupunja ili wanisifu."

Kile kichwa kikageuka. Kikaondoka mezani, kikapita ukuta wa ule ukumbi wa hewa, kikawa kidogo, raketi ikining'inia pembeni yake kwa sababu kamba hakuivua. Nilisikia fimbo yake kwenye ngazi za baraza. Nikasikia Mama Mwalimu akiuliza unaenda wapi na huo mdude usoni, utaanguka, naye hakujibu, na huenda hakusikia. Halafu kimya, halafu mlio wa kitu kinachokatwa.

Kilipotokea tena kilikuwa kinakuja moja kwa moja. Mtu huyu maisha yake yote alitukataza kuegemea meza, kuigusa meza, hata kumfuata mpinzani kabla ya kuizunguka kwa adabu. Sasa aliipita katikati. Akapita kwenye ukingo, akapita kwenye wavu, polepole kwa sababu ya magoti, mpaka kichwa kikawa mbele ya uso wangu, na nikasikia pumzi yake, ya kweli, yenye chai.

Nilijua analeta nini. Na sijawahi kusikia kwetu mzee akimletea mdogo. Nikanyoosha mkono wa kulia, kama bibi alivyonifunza, na wa kushoto nikauficha nyuma pamoja na kishikio chake.

"Siyo huo," Mwalimu akasema.

Akaupapasa wa kushoto mpaka akaupata. Akaifungua ile kamba, akakiacha kishikio kidondoke sakafuni, akaniwekea jani kiganjani, limelowa umande wa migombani, akanifunga vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.